Mkalimani wa Laurentine

Siku chama cha viziwi kilipomchagua Laurentine akiwakilishe kwenye baraza la serikali, aliyelia kwa furaha ni dada yake Edith. Laurentine mwenyewe alikuwa jikoni na keki ya ubatizo, makaa yakikaribia kuzimika na mwenye keki akisubiri mlangoni. Aliusoma ujumbe kwenye simu, akajifuta unga vidoleni, akausoma tena. Ndipo akamwonyesha Edith, na Edith akapiga vigelegele hadi majirani wa mtaa ule wa Ruashi wakatoka nje wakidhani kuna posa.

Baraza hilo, ambalo watu wa mjini walizoea kuliita Conseil, lilikuwa la mkoa. Kazi yake ilikuwa kuishauri serikali juu ya watu wenye ulemavu: shule zao, njia zao, hospitali zao. Wajumbe walijitolea tu. Hakuna aliyelipwa, na serikali ilikuwa na hiari ya kuusikiliza ushauri wao au kuuacha ulale kwenye meza ya mtu. Hata hivyo, kabla yake viziwi wa Lubumbashi hawakuwahi kuwa na mtu wao katika chumba kama kile.

"Tutaenda," Edith alisema, kwa mdomo na kwa mikono pamoja. "Mi nawe, tutaenda."

Hakusema utaenda. Laurentine hakuliona hilo siku ile, kwa sababu mambo yalikuwa hivyo tangu zamani. Alipokuwa mtoto mdogo, homa ya uti wa mgongo ilimlaza wiki nyingi, na alipoamka dunia ilikuwa imenyamaza. Edith, aliyemzidi umri kidogo, ndiye aliyebuni ishara za nyumbani: ngumi shavuni ni mama, kiganja kikisugua tumbo ni bukari, yaani ugali, kidole kikichora ndevu ni baba. Dukani, kanisani, kwa daktari, Edith alikuwa mbele na Laurentine nyuma yake. Watu wakimuuliza Laurentine jambo, walimtazama Edith.

Baadaye Laurentine alipelekwa shule ya viziwi. Huko alijifunza lugha ya ishara kamili, lugha yenye maneno ya kila kitu, ya haki na ya wivu, ya kesho na ya laiti. Huko pia alikutana na Guelor, kijana kiziwi aliyekuwa akisomea kuchomelea vyuma, na wakaoana. Edith hakujifunza lugha ile. Hakuona sababu, yeye na mdogo wake walikuwa wakielewana siku zote.

Na kweli kulikuwa na siku ambayo Laurentine asingeisahau, siku ambayo Edith alikuwa kama malaika kwake. Ilikuwa siku ya kuzaliwa Hénoc, mwanawe. Laurentine aliingia maternité, hospitali ya uzazi, alfajiri. Guelor alizuiwa getini, na kwa kuwa hakuweza kueleza yeye ni nani, alibaki amesimama nje na mfuko wa nguo. Mtoto alitoka, akachukuliwa upesi, akapelekwa asikokujua mama yake. Asubuhi nzima Laurentine alilala pale hajui kitu. Kila aliyemshika mkono kumuuliza alimpigapiga begani akaenda zake. Jua lilipopanda sana ndipo Edith alipofika kutoka mji jirani wa Kipushi, akaongea na wauguzi, akamjia mdogo wake mbio huku akibembeleza mikononi mtoto asiyeonekana, akicheka na kulia. Mutoto iko muzima. Alikuwa amewekwa kwenye chumba cha joto kwa sababu alizaliwa mchovu.

Sasa Hénoc alikuwa anasoma shule ya watoto wadogo, anasikia vizuri, na anazungumza zaidi kwa mikono kuliko kwa mdomo. Lakini Laurentine alipoitwa barazani, jambo la kwanza lililomjia kichwani ni ile asubuhi. Alijua atasema nini.

Baraza lilikutana katikati ya mji, kwenye chumba cha chini cha jengo la serikali. Kilikuwa kimechaguliwa chumba cha chini kwa sababu ya mwenyekiti, maman Kavugho. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa jumla wa maharagwe na unga, mzaliwa wa Butembo, aliyepata polio utotoni na kutembea kwa kigari cha magurudumu. Walipotaka kumpandisha ghorofani wakimbeba kama gunia, siku ya kwanza kabisa, alikataa. "Mi nauzisha magunia," aliwaambia. "Mi siyo gunia. Mushuke ninyi."

Walishuka, na tangu siku hiyo vikao vilifanyika chini.

Mjumbe aliyekaa karibu na Laurentine alikuwa Godefroid, mtu mrefu, mtanashati, asiyeona. Alikuwa mtangazaji wa kipindi cha asubuhi redioni, na mjini kote watu waliijua sauti yake, isipokuwa bila shaka Laurentine. Mtu angedhani hawa wawili hawana njia ya kuongea: huyu hasikii, yule haoni mikono. Lakini kila mmoja alikuwa na simu. Laurentine aliandika, na simu ya Godefroid ikamsomea sikioni. Godefroid aliongea na simu yake, nayo ikayageuza maneno kuwa maandishi kwa Laurentine. Mara nyingine simu ilikosea. Siku moja Godefroid alimtumia salamu za heshima na zikafika kama "nasalimia ng'ombe wako mtukufu." Laurentine alicheka hadi maman Kavugho akasimamisha kikao kuuliza kuna nini.

Vikao vya mwanzo vilipita hivyo. Watu waliongea, Edith akamgeukia mdogo wake akamwambia kwa ishara za nyumbani: wanaongea barabara. Wanaongea shule. Yule amekasirika. Laurentine aliitikia kwa kichwa. Aliona midomo ikienda muda mrefu sana, na mikono ya Edith ikienda muda mfupi sana, lakini alijiambia labda watu wenye kusikia hutumia maneno mengi kwa jambo dogo.

Kisha ikaja siku ya mambo ya afya. Maman Kavugho alikuwa amewaalika wageni, mmoja wao maman Daniella, mwanamke wa makamo, mkuu wa wakunga wa maternité ileile alikozaliwa Hénoc. Zamu ya Laurentine ilipofika, alisimama. Edith akasimama kando yake.

Laurentine alieleza yote. Mikono yake ilikimbia, uso wake ukabadilika, alionyesha mlango uliofungwa, watu waliopita, saa alizolala akitazama dari. Edith alimtazama, akaugeukia mkutano, akaongea. Maneno yake yalikuwa machache. Laurentine alipomaliza na kukaa, aliona jambo ambalo hakulitarajia. Watu walikuwa wakitabasamu. Wengine walipiga makofi. Maman Daniella alikuja akamshika mikono yote miwili, akaiinamia kidogo, akarudi kwenye kiti chake amefurahi.

Wamesikia kisa kile, Laurentine akawaza, na wanapiga makofi?

Siku iliyofuata, akiwa anapaka krimu keki ya arusi, simu yake ilitetemeka. Alikuwa Godefroid. "Jana ulinigusa moyo," ujumbe wake ulisema. "Watu wengi huja barazani kulalamika tu. Wewe umekuja kuwashukuru wakunga kwa kumtunza mtoto wako. Nimesema habari hiyo redioni leo asubuhi."

Laurentine aliweka kisu chini. Aliuliza: "Kuwashukuru?"

"Ndiyo. Dada yako alisema walifanya kazi nzuri, mtoto akapona, na kwamba unaomba tu wawe na subira na viziwi. Sivyo?"

Krimu ilianza kuteleza kwa joto la mwezi wa kumi, nyeupe juu ya waridi, na Laurentine hakuinua mkono kuizuia. Hatimaye aliandika: "Sivyo. Sikusema hivyo hata kidogo."

Edith alikuja jioni ile kumletea mboga ya sombe. Laurentine hakungoja hata sufuria itue chini. Alimwonyesha simu. Edith alisoma, akaketi taratibu kwenye kiti cha plastiki, akaanza kuongea kwa mdomo, jambo alilofanya alipochanganyikiwa, kisha akakumbuka mikono.

Aliyoweza kueleza kwa ishara zake yalikuwa haya: yule mama, mkubwa wa wakunga. Ameketi pale. Tutarudi kwake. Kuzaa. Na akashika tumbo lake mwenyewe. Edith alikuwa mjamzito. Miezi ilikuwa bado michache, lakini kila mtu nyumbani alijua.

"Uliogopa," Laurentine alisema.

"Ndiyo."

"Basi ungekaa kimya. Kwa nini uliwaambia uongo kwa mdomo wangu?"

Lakini aliposema hivyo, Edith alimtazama bila kuelewa. Laurentine alirudia. Edith alikunja uso, akajaribu kukisia, akakosea. Ndipo kitu kikamgonga Laurentine, kikubwa kuliko hasira. Polepole, akitumia lugha yake kamili ya shule, alimuuliza dada yake kisa kile alikielewa kiasi gani alipokieleza barazani. Edith akabaki ameitazama mikono ile kama mtu atazamaye treni ikipita kasi, akiona mabehewa asiweze kusoma kilichoandikwa ubavuni.

Hakuelewa. Alikuwa ameshika maneno machache: mtoto, mlango, nililia, basi. Nusu aliificha kwa hofu. Nusu nyingine hakuwahi kuwa nayo.

Kisha Laurentine alimwambia kwa ishara za nyumbani, zile za ngumi na shavu, ili asikosee: barazani, mtu mwingine. Siyo wewe.

Edith aliinuka. Alipokuwa mlangoni aligeuka akasema kwa sauti, akijua hatasikiwa, na Hénoc aliyekuwa akicheza uani ndiye aliyesikia: "Mi njo nilikuwa mudomo yako siku zote. Leo unanifukuza?" Mtoto alimtafsiria mama yake. Laurentine alifunika uso kwa mikono yenye krimu.

Wiki ile ilikuwa nzito. Edith hakuja. Guelor, ambaye hapendi maneno mengi, alimwambia mkewe: "Ukimwita arudi kuwa mkalimani, atafurahi, na wewe utabaki mtoto. Usipomwita, mtaumia wote kwa muda. Mimi nakuambia usimwite." Kisha akaenda kuchomelea geti la mtu.

Laurentine alimfuata maman Kavugho kwenye ghala lake. Walizungumza kwa kuandika, huku wabebaji wakipita na magunia na maman Kavugho akiwapigia kelele katikati ya sentensi. Laurentine alieleza kwamba kisa chake kilisemwa vingine, na kwamba anataka kukisema upya, mbele ya maman Daniella, akiwa na mkalimani wa kweli.

Maman Kavugho alishusha pumzi. Jambo lile lilikuwa limekwisha, akaandika. Wakunga walikwenda nyumbani wamefurahi. Kuwaita tena ili kuwaambia kwamba furaha yao ilikuwa kosa la tafsiri ni aibu kwa baraza zima. Na baraza halina mkalimani. Serikali haijawahi kumfikiria.

Laurentine aliandika: "Walipotaka kukubeba ghorofani, ulikataa. Mimi wananibeba kila kikao."

Maman Kavugho alisoma. Akaizungusha simu mkononi. Mbebaji mmoja alimuuliza magunia yawekwe wapi, hakujibiwa. Mwishowe mama yule alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekamatwa, akaandika: "Unamjua mkalimani?"

Alimjua. Elisée alikuwa mwalimu kwenye shule ya viziwi, mtu mwenye kusikia, mwana wa wazazi viziwi, ambaye mikono yake ilikuwa na lafudhi ya nyumbani kabisa. Alipoambiwa kwamba hakuna malipo, aliuliza tu kama wajumbe wengine wanalipwa. Alipoambiwa hapana, alikubali.

Siku ya kikao Laurentine alivaa gauni lake la kanisani. Alipoingia aliwaona wote mahali pao: Godefroid na fimbo yake nyeupe kati ya magoti, maman Kavugho mezani, maman Daniella kando ya dirisha, akionekana kutojua kwa nini ameitwa tena. Na kwenye kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango, alikuwa ameketi Edith. Hakuna aliyekuwa amemwita. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya tumbo.

Laurentine alisimama mbele. Elisée hakusimama kando yake kama Edith; aliketi pembeni, pale ambapo angeweza kuiona mikono yake vizuri. Laurentine akaanza, na sauti ya Elisée ikatoka: "Mi ni Laurentine. Ile siku ingine, mambo ilisemwa haikukuwa mambo yangu. Leo nitasema mwenyewe."

Watu wakamgeukia Elisée. Maman Kavugho akagonga meza. "Muangalie Laurentine," alisema. "Ni yeye njo anasema."

Wakamwangalia.

"Mutoto wangu alitoka," sauti iliendelea. "Nilimuona, rangi yake ilikuwa mubaya. Bengine munajua mutoto iko muzima sababu munasikia analia. Mi sisikie. Mi naangalia mudomo. Mudomo yake haikufunguka. Bakamubeba, bakakimbia naye. Mulango ikafungwa. Nikauliza na mikono: mutoto wangu iko wapi? Mama mumoja akanionesha kwamba nilale. Mwingine akanichekea. Mi nikasema, ananichekea sababu ananihurumia. Mutoto amekufa."

Godefroid alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza kama asikilizavyo redio ya mtu mwingine.

"Nilikuwa na pagne ya mutoto, kitenge mupya ya maua ya njano. Nilikuwa nimeikunja ya kumupokelea. Nikaifungua. Nikaikunja tena namna banakunjaka ya kuzika. Nikajiambia, mume wangu iko ku geti, nitamuambia namna gani? Nikaanza kufikiria jina ya kuandika ku musalaba, sababu tulikuwa hatujamupa jina. Jua ikapanda. Njo yaya yangu, dada mukubwa, akafika, akaniambia mutoto iko muzima. Sikumuamini. Nilimupiga. Nilimuamini tu wakati balinileta mutoto, nikaweka kidole mu mudomo yake, akaivuta."

Laurentine alisita, akaangalia kiti cha nyuma. Edith alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Alikumbuka kofi lile. Miaka yote alidhani lilikuwa kofi la furaha, la mtu aliyechanganyikiwa kwa uzazi. Habari za ile pagne hakuwahi kuzijua. Yeye ndiye aliyefika chumbani, akabeba mfuko, akaikunjua pagne ya maua ya njano na kumfunga nayo mtoto, na hakujua alikuwa akikunjua nini.

"Sikukuja kulomba bafukuze mutu," sauti ya Elisée ilimalizia. "Hakuna mutu alinitendea mubaya kwa kutaka. Nalomba kintu kimoja. Fasi yote mama anazalia, kuwe hata mutu mumoja mwenye anajua kuniambia mutoto wangu iko muzima ao amekufa. Ile tu. Isikuwe lazima ningojee ndugu yangu atoke Kipushi."

Aliketi. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Wote walimtazama maman Daniella. Uso wake ulikuwa umekuwa mgumu, na alipofungua kinywa alianza na yale ambayo mtu huanza nayo. "Ile siku sikukuwa ku kazi," alisema. "Na bakunga, baakoushesi, beko bachache, kila mumoja na bamama bengi..." Akaacha. Akatazama nje kupitia dirisha, akarudi. "Hapana. Hata ningekuwa, ningefanya nini? Ningemupigapiga ku bega, sawa bale bengine. Sijue hata neno moja."

Kisha akainuka, akavuka chumba, akasimama mbele ya Laurentine. Hakumtazama Elisée. "Inasemwa namna gani?" aliuliza. "Mutoto iko muzima. Nionyeshe."

Laurentine alimwonyesha. Mikono miwili ikibembeleza: mtoto. Kisha mikono miwili ikipanda kifuani taratibu, kama maji yanayojaa: yuko hai. Maman Daniella alijaribu, akapandisha mikono upesi mno. Laurentine aliishika, akaipandisha tena polepole. Maman Kavugho naye aliijaribu ishara ile akiwa kwenye kigari chake. Godefroid aliomba mtu amwelekeze mikono yake, kwa sababu, alisema, hata yeye huenda siku moja akakutana na mama anayesubiri.

Ushauri rasmi wa baraza uliandikwa na kupelekwa kwa wakubwa. Hadi leo haujajibiwa. Maman Kavugho anauulizia kila anapopata mtu wa kumuuliza, na anapata majibu mazuri yasiyo na tarehe. Lakini maman Daniella hakungoja jibu la wakubwa. Aliomba Laurentine na Elisée waje maternité Jumamosi asubuhi, wakunga wanapobadilishana zamu. Walikuja, na wajumbe wengine wakaja walipoweza. Kulikuwa na vicheko vingi. Mkunga mmoja, akitaka kusema sukuma, alimwambia Laurentine auze mlango. Mwingine alikuwa na mikono myepesi kuliko wote na baada ya muda mfupi alikuwa akiwasahihisha wenzake kwa ukali wa mwalimu. Wanafunzi wa udaktari kutoka chuo kikuu cha Kasapa walisikia habari, wakaomba nao wafundishwe, na sasa Elisée analalamika kwamba hana Jumamosi tena, lakini analalamika akiwa amevaa viatu vya kutokea.

Kabla ya Pasaka alikuja kujifungua mwanamke kiziwi kutoka upande wa Karavia, jina lake Bénie. Laurentine alikwenda kumwona baadaye. Bénie hakuwa na kisa cha kusimulia. Aliulizwa jina lake, akaambiwa asukume, akaambiwa apumzike, akaonyeshwa msichana. Alimuuliza Laurentine kama mambo huwa hivyo kila mahali. Laurentine akamjibu kwamba bado.

Na Edith? Jumamosi ya kwanza ya mafunzo yale, alikuja akaketi nyuma na wakunga, tumbo likiwa limekwisha kuonekana. Laurentine alimwona, akaendelea kufundisha. Edith alikuwa mwanafunzi mgumu. Ishara zake za zamani ziliingilia zile mpya. Kila alipotaka kusema mama, ngumi ilikwenda shavuni yenyewe. Lakini alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na hata baada ya kujifungua alikuja na mtoto mgongoni. Kisha akaanza kuja Ruashi jioni, ili kuzoeza mikono.

Jioni moja walikuwa uani wakichambua mchele. Edith alisema, pole kwa pole, akitafuta kila neno: "Sasa niulize kitu. Kitu chochote ambacho hukuwahi kujua."

Laurentine alifikiri. Kulikuwa na vingi hata hakujua aanzie wapi. Akachagua kimoja cha zamani. "Mjomba Séverin," alisema. "Kila alipokuja nyumbani, watu wote walifungua midomo hivi, wakacheka. Baba, mama, majirani. Mimi nilikuwa nimeketi pale na wao wakicheka. Walikuwa wakinicheka mimi?"

Edith aliacha ungo. "Wewe? Hapana!" Akasugua macho. "Miaka yote umedhani hivyo?"

Na akaanza kumweleza. Ilimchukua muda, neno la mbuzi alilijua, la tikiti hakulijua, ikabidi alichore mchangani. Mjomba Séverin, akiwa kijana, alinunua mbuzi huko Kamina, na hakutaka kumlipia nauli ya treni. Basi akamfunga pagne, akamfunika kitambaa kichwani, akamketisha pembeni mwa behewa kama mama mzee mgonjwa. Mkaguzi wa tikiti alipofika, mjomba alimwambia kwa heshima, huyu ni mama mkwe wangu, usimsumbue. Mkaguzi akavua kofia, akainama akasema, "Jambo, maman." Na yule mama mkwe akamjibu.

Edith alifungua mdomo wote kuonyesha alivyojibu.

Laurentine aliutazama mdomo ule, mdomo uleule aliouona kwa watu wote wale wa utotoni, na kicheko kilimtoka kwa nguvu hata mchele ukamwagika. Guelor alikuja kutoka nyuma ya nyumba, miwani ya kuchomelea ikiwa bado kwenye paji la uso, kuuliza kumetokea nini. Laurentine alijipangusa macho, akamwambia aketi, kisha akaanza kumsimulia tangu mwanzo, huku Edith akimsahihisha.